Sindano Tisa Alizoziacha Egidi

Ukoo wa mume wangu ulisema mimi ndiye niliyemtia wazimu. Walilisema hilo mchana kweupe mwaka 1995, wanaume wote wa ukoo wakiwa wamekaa, kisha wakanifukuza na kumzuia binti yangu. Walisema nilimwekea mume wangu dawa kwenye chakula. Walisema tena kwamba watoto wangu watatu niliowazika niliwala mwenyewe kichawi. Yote mawili ni uongo, na mmoja wao alijua kuwa ni uongo wakati anatamka. Huyo ni Stephano, kaka mkubwa wa mume wangu.

Mimi ni Edina. Shule sikwenda. Kusoma na kuandika nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa mke wa mtu tayari. Ninaandika maisha ya mume wangu Egidi kwa sababu ukoo wake unayasimulia vingine, naye hawezi tena kujitetea.

Egidi alizaliwa milimani Mbinga, upande wa Mkumbi, katika nyumba ya wakulima wa kahawa. Alipokuwa kijana alikwenda Tanga kukata mkonge, akamaliza mikataba miwili. Alirudi mwaka 1972 na redio, blanketi mbili, na kitu kingine ambacho hakumwonyesha mtu isipokuwa kaka yake. Mwaka huohuo wakaja kwetu kuposa. Kwetu ni chini, kandokando ya ziwa, karibu na Liuli, kwa sisi Wanyasa. Baba yangu alikuwa mvuvi na mzee wa kanisa la Anglikana. Aliyesema maneno ya posa alikuwa Stephano. Alimwambia baba, "Mzee, mdogo wangu hana doa. Hanywi, hapigi, na mwili wake ni chuma." Baba akacheka, akamwita mama alete usipa, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga. Nilikuwa na miaka kumi na minane.

Nikapanda mlimani. Nikawa Mkatoliki, nikajifunza Kimatengo, nikajifunza kulima ngolo. Mashamba ya kule yameinuka kama ukuta, na mtu akilima ovyo mvua hushuka na udongo wote bondeni. Kwa hiyo mwanamume hufyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari inayokatizana, mraba kwa mraba. Mke huja nyuma yake na jembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo anaoutoa, mpaka kilima chote kinakuwa mashimo yenye kingo. Maji hukaa humo, udongo haukimbii. Mistari ya Egidi ilikuwa imenyooka hata wazee walikuwa wanasimama njiani kuitazama. Nilichimba nyuma yake miaka ishirini. Ninamjua mtu yule kwa mistari yake kuliko kwa sura.

Alikuwa mpole. Hilo nalisema kwa haki, ingawa kinywa changu ni kichungu. Hakunipiga hata mara moja. Mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi sita. Wa pili alizaliwa amekufa, ngozi inatoka kama ya kiazi kilichochemshwa. Wa tatu alivuta pumzi asubuhi, jioni akaiacha. Wanawake wa ukoo walikuja kunifariji wakiwa wamefumba midomo, wakitoka nje wanaifumbua. "Huko ziwani wanajua mambo," walisema. "Mnyasa akitaka utajiri wa samaki hutoa mtoto." Nami sikuwa hata na samaki. Egidi alichimba makaburi yale matatu mwenyewe, nyuma ya migomba. Mwaka 1980 nikamzaa Devotha, akalia, akanyonya, akakua. Sikupata mwingine.

Basi nieleze jinsi ilivyoanza. Ilikuwa Machi 1993, tunaandaa shamba la maharage. Nimeinama na jembe, nikaona mraba una pembe tatu.

"Baba Devotha, mstari umepinda."

"Umepinda wapi? Macho yako ndiyo yamepinda."

"Njoo usimame hapa nilipo uone."

Akaja, akatazama, akacheka kicheko ambacho sikukifahamu. "Hii ni barabara," akasema. "Malori yangu yatapita hapa."

Nikadhani ni utani. Lakini Egidi hakuwa mtu wa utani, na mkono wake ulioshika panga ulikuwa unatetemeka. Baadaye nikaona anatembea ametanua miguu, anakanyaga kwa kishindo kama mtu asiyeona ardhi iko wapi. Ulimi wake ukaanza kujikwaa kwenye maneno marefu. Nikamwambia Stephano, "Shemeji, mdogo wako anaumwa." Stephano akanijibu, "Anaumwa nini? Mtu ameamka, wewe unasema anaumwa."

Na kweli nchi nzima ilikuwa imeamka. Zamani kahawa tulikuwa tunaipeleka kwenye chama cha ushirika, tunasubiri malipo. Sasa walisema soko ni huria, na msimu wa 1994 wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao mpaka kando ya barabara. Kila mwanamume Mbinga alikuwa na mpango. Waliokuwa na mashina mia mbili ya kahawa walizungumzia kiwanda. Aliyekuwa na baiskeli alizungumzia gari. Katika kelele hizo mume wangu alisimama, akasema atanunua kahawa yote kuanzia Mkumbi mpaka Mpepai na kuipeleka Ujerumani mwenyewe, na hakuna aliyeshangaa. Walimwita Tajiri. Wazimu wake ulivaa nguo za siku zile, ukapita katikati ya watu na kusalimiwa.

Akawagawia ndugu zake vyeo. Stephano akawa meneja. Msiniulize kama Stephano alikataa. Alikwenda kwenye mitumba Mbinga mjini akachagua koti la buluu lenye vifungo vya dhahabu, akawa analivaa mpaka shambani. Alipita kwetu kila asubuhi. "Tajiri ameamkaje?" Mimi nasimama mlangoni namwambia, "Shemeji, jana amempa dereva wa wanunuzi mbuzi wetu wote wanne, bure." Anasema, "Mama Devotha, biashara ina zawadi zake. Wewe pika."

Baada ya misa moja Egidi akatangaza uwanjani kwamba amelinunua ziwa, na kuanzia Jumatatu wavuvi wote ni vibarua wake. Hata hapo watu walicheka na kusema Tajiri ana mzaha. Wakaja kuamini siku alipovua nguo zote sokoni, saa nne asubuhi, akisema suti yake inakuja kwa ndege na hawezi kuipokea akiwa na matambara. Stephano alikuwa pembeni yake na koti lake la vifungo. Watoto wakaimba, "Meneja, mvalishe Tajiri!" Wimbo ule ulimfuata mpaka nyumbani. Aibu ile ilihitaji mtu wa kuibeba, wakanichagua mimi.

Kwa Wamatengo, wanaume wa ukoo hukaa pamoja kula, na kila mke hupeleka chungu chake. Hapo ndipo wanapoamua mambo, na panaitwa sengu. Mahali pengine siku hizi wameacha, ukoo wetu haujaacha. Mwanamke hupeleka chakula, huondoka. Siku ile niliitwa nikae chini kwenye majani. Mzee Joakim, mkubwa wa ukoo, ndiye aliyesema. Alisema wamekwenda kwa mganga wa kienyeji, ameona dawa ya Kinyasa, imewekwa ndani ya usipa.

Nilisalimu kwanza, maana nilifunzwa adabu. "Shikamooni wazee." Wakaitika. Kisha nikauliza, "Mzee Joakim, usipa wangu nimeupikia wapi?"

"Nyumbani kwako."

"Nimeupeleka wapi?"

Akageukia wenzake. Nikasema, "Nimeuleta hapa. Egidi hajala chungu changu peke yake tangu anioe. Mmekula kumi na mmoja, kutoka chungu kimoja, vidole vyenu vyote ndani. Wewe, Mzee, unapenda ule uliokauka, unautafuta chini. Mbona amechanganyikiwa mmoja? Wale kumi dawa iliwaogopa?"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mzee Joakim hakucheka. Alisema, "Dawa humjua mwenyewe." Stephano akaongeza, "Na watoto watatu? Nao tuliwala sisi?"

Kilichowaua nilikuwa sikijui. Hicho ndicho kilichoniuma miaka yote, kwamba hata mimi niliwahi kujiuliza kuna nini ndani yangu kinachoua. Wakanipa siku moja. Devotha, miaka kumi na mitano, akabaki kwa Stephano, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Na Egidi wakamtobolea gogo, wakapitisha mguu wake ndani na kupigilia kigingi, ili asitembee uchi tena.

Nilikaa kwa kaka yangu Liuli karibu mwaka mzima. Nilianika usipa wa watu, nikafikiri. Mume wangu yuko kwenye gogo, mtoto wangu anaitwa binti wa mchawi, nani atamwoa? Nikikaa kimya nimekubali. Jumapili ya Matawi, 1996, nikapanda mlimani. Nilijua saa nne wote watakuwa kwenye maandamano na matawi yao.

Nilimkuta Egidi amekaa juani nyuma ya nyumba ya Stephano, ndevu zimemfika kifuani. Mlangoni alikuwa mke wa Stephano, Otilia. Mguu wake ulikuwa umevimba, ndiyo maana hakwenda kanisani. Tukatazamana.

"Mama Pankras," nikasema, "nimekuja kumchukua mume wangu. Piga kelele kama unataka."

Akatazama barabara, akanitazama tena. "Mimi nilikuwa nimelala," akasema. "Nyundo ipo uvunguni mwa ghala. Usinivunjie mpini." Akaingia ndani akafunga mlango.

Kigingi kilipotoka Egidi hakutaka kuinuka. Alisema tajiri hatembei kwa miguu. Basi nikamwambia, "Tajiri, malori yako yamefika ziwani. Madereva wanakataa kushusha mpaka wakuone." Akasimama palepale. Nilimdanganya, na nitamdanganya tena ikibidi. Tulitembea siku mbili. Kila aliyetupita alisalimiwa na Egidi na kuahidiwa kazi. Mama mmoja aliyebeba ndizi alikuwa ameshakuwa mhasibu kabla hatujafika kwenye mteremko wa mwisho.

Hospitali ya misheni kule ziwani ilikuwa na tabibu mzee, Cuthbert, aliyekuwa akimsubiri mwenzake wa kumrithi ili astaafu. Alimtazama Egidi akitembea, akamwambia atoe ulimi, akautazama ukitetemeka, akamulika macho yake kwa tochi. Kisha akamuuliza, "Bwana mkubwa, una mali kiasi gani?"

"Ziwa," Egidi akasema. "Na ng'ambo yake."

Cuthbert hakucheka. Alitikisa kichwa kama mtu aliyekutana na jamaa wa zamani. Akachukua damu yake, akachukua na yangu. Kesho yake akaniita peke yangu. "Mama, ni kaswende. Yeye anayo, nawe unayo."

Nilikasirika. "Kaswende ni ya sehemu za siri. Mimi nimeleta mgonjwa wa kichwa."

"Huanzia huko," akasema. "Kidonda kinatokea, hakiumi, kinapona chenyewe, mtu anasahau. Mdudu hasahau. Anakaa miaka kumi na tano, ishirini, kisha kwa wengine anapanda kwenye ubongo." Akanieleza kwamba Ulaya, zamani za babu zake na zangu, nyumba za vichaa zilijaa watu wa namna hii. Kila chumba kilikuwa na mfalme wake na tajiri wake, wote wanaahidi watu dhahabu huku hawawezi kufunga vifungo. "Walisema ni pombe, ni dhambi, ni wake zao. Mpaka walipopasua bongo za waliokufa wakamkuta mdudu mwenyewe, mwembamba, amejisokota kama kizibuo cha chupa."

"Wakawatibuje?"

"Kabla ya penisilini? Waliwapa malaria."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi. Homa kali ilimdhoofisha mdudu. Kisha wanawapa kwinini. Wengine walipona, wengine malaria ikawamaliza."

"Basi sisi wa ziwani tungekuwa na akili kuliko dunia nzima," nikasema. Hapo mzee yule alicheka mpaka akavua miwani.

Akanieleza jambo jingine ambalo nimelishika. Alisema ugonjwa huu ulipoanza kutembea duniani, kila taifa liliuita kwa jina la jirani yake. Hawa waliuita ugonjwa wa wale, wale ugonjwa wa hawa, na hakuna aliyeuita wa kwake. Nikamwambia, "Mlimani wanauita dawa ya Wanyasa." Kisha nikamuuliza kuhusu mimba zangu tatu, na ngozi ya yule wa pili. "Ndivyo inavyofanya," akasema. "Huua watoto wa mwanzo tumboni. Ikizeeka mwilini huacha mmoja akapita. Hukuwala, mama. Hukuwahi kuwala."

Nililia pale kwa mara ya kwanza tangu nilipomzika wa tatu, 1977. Nikijifuta, Egidi, aliyekuwa nje kwenye benchi na mlango uko wazi, akasema kwa sauti yake ya kujikwaa, "Benchi hili nalijua. Stephano alikaa hapa, mimi hapa. Sindano moja. Tukaenda kula usipa."

Maneno ya kichaa hayana shahidi. Lakini Cuthbert alikwenda stoo akarudi na madaftari ya zamani, mengine yameliwa na mchwa. La mwaka 1972 lilikuwa zima. Alilifunika kwa mkono wake kwanza, akafikiri, kisha akasema, "Damu ni yako pia," akaondoa mkono. Nilisoma mwenyewe, polepole, kwa kidole. Jina la Egidi. Kaswende. Sindano kumi, moja kila siku. Aliyemsindikiza, Stephano, kaka yake. Chini yake alama moja ya sindano, na nafasi tisa tupu.

Tarehe ya nafasi ya kwanza tupu naijua. Ndiyo siku waliyokuja kwa baba yangu. Walishuka ziwani kujificha, wasionekane na watu wa kwao hospitali ya mlimani. Kidonda kikaanza kukauka, wakaniona nikichota maji, wakasema kwa nini turudi mikono mitupu. Baba alipokubali upesi, wakapanda kupeleka habari njema, na zile tisa wakaziacha. "Mwili wake ni chuma," alisema Stephano, na alama ya sindano bado iko kwenye tako la mdogo wake.

Tulichomwa sindano. Egidi usiku na mchana kwa wiki mbili, mimi chache. Alitulia. Mkono uliacha kutetemeka, malori yakapungua. Lakini Cuthbert alinionya mapema kwamba kilichokwisha kuliwa hakirudi, na hakikurudi. Alibaki kama mtoto mpole, anaanika samaki nikimwonyesha.

Mwezi wa saba nikapanda tena, na barua ya Cuthbert yenye muhuri, iliyoeleza yote ya lile daftari. Sikungoja kuitwa. Nilikwenda kwenye sengu wakiwa wanakula, nikasimama. Mzee Joakim akasema, "Mwanamke hasimami hapa." Nikasema, "Mchawi husimama popote. Someni."

Joakim aliisoma mwenyewe, mpaka mwisho, midomo ikitembea. Akaiweka chini. "Stephano, ulimpeleka?"

"Nilimsindikiza tu."

"Ulijua ni ugonjwa gani?"

"Karatasi za ziwani hizo, baba. Mganga wao ni Mnyasa mwenzake."

"Nimekuuliza ulijua."

Stephano alitazama ugali. "Alisema amepona," akajibu. "Kidonda kilikuwa kimekauka."

Wote walisikia. Alisema kidonda. Barua haikutaja kidonda. Nikasema, "Namtaka mwanangu." Mzee Joakim akanyoosha mkono kuelekea nyumba ya Stephano, akasema, "Mchukue." Nikauliza, "Na neno mlilonipa?" Akasema mambo ya ukoo yaliyokwisha kusemwa hayafutwi na karatasi, na kwamba nikae kimya, nishukuru. Sikushukuru. Nilimchukua Devotha, nikamshusha, nikampimisha damu. Safi. Ameolewa sasa, na mume wake alipimwa kabla ya posa, kwa amri yangu, mbele yangu. Wakwe walinuna, nikawaacha wanune.

Egidi alikufa mwaka 1998, asubuhi, akiwa anakunywa uji. Ukoo ulishuka kumchukua akazikwe mlimani. Niliwaambia, "Mbebeni. Lakini atakayesimama kaburini ataje ugonjwa uliomuua." Stephano akasema hiyo ni aibu. Nikasema aibu mimi nimeivaa tayari, yenu mnaiogopea nini? Wakarudi mikono mitupu. Amezikwa hapa, mchangani, karibu na baba yangu aliyemkubali.

Sasa nasema ninachodai. Mbuzi wa kuniomba radhi waliletwa mara mbili, kwa siri, kupitia kwa Otilia. Nimewarudisha wote, nikambakiza Otilia kwa chakula. Ninadai maneno. Stephano ananidai nini sijui, lakini mimi namdai asimame kwenye sengu ileile, wanaume wakiwa wamekaa, aseme alimpeleka mdogo wake kwenye sindano kumi, akamtoa baada ya moja, akaja kuniposa siku ya pili, akanyamaza miaka ishirini na tatu, kisha akanisingizia. Mzee Joakim namdai afute kwa mdomo alichotamka kwa mdomo. Na ukoo mzima, wale kumi waliokula chungu changu, nawadai waende nyuma ya migomba kwenye makaburi matatu, waseme kwa sauti kwamba wale watoto hawakuliwa na mama yao.

Joakim amezeeka, anaweza kufa na deni hilo. Stephano bado ana nguvu. Ulimi wake haujikwai. Bado hajasema.